Herufi Tano Zilizobaki

Ukimuuliza mtu yeyote wa Mtwara aliyekuwa na akili zake miaka ya tisini, nani aliyeandika kuta za maduka ya Magomeni na Rahaleo, atakujibu palepale: Hassani Rangi. Usibishane naye. Ndivyo tulivyojua sote. Tulimwona kwa macho yetu amepanda ngazi, kofia ameigeuza nyuma, brashi moja mkononi na nyingine ameibana kwa meno, na sisi chini tumejaa kama watu wasio na kazi za kufanya. Tulisifu mpaka tukachoka. Kumbe nusu ya zile sifa tulikuwa tunazipeleka siko, na mwenye nusu yake yuko nyumbani Magomeni anachambua mchicha.

Herufi zenyewe zilikuwa na maringo. Miguu minene, viuno vyembamba, mikia inajikunja na kujikunjua, na kila moja ina kivuli chake ubavuni, utadhani imesimama juani saa tatu asubuhi. Zilikuwa herufi za kizamani, za makopo ya biskuti na masanduku ya majani ya chai ya enzi za Waingereza. Duka la chumvi na viberiti likiandikwa kwa herufi zile lilionekana linauza dhahabu. Wenye maduka walilijua hilo, ndiyo maana walikubali kumsubiri Hassani hata wiki tatu, ilhali Salumu, fundi mwenzake wa Rahaleo, yupo tu na makopo yake ya rangi anapiga miayo. Siku hizi mabango ya plastiki yameingia, yanatoka kwenye mashine kama chapati, na kuta nyingi zimefunikwa. Chache zimebaki. Ukizikuta, zitazame vizuri, maana ni herufi za Zuhura, mke wa Hassani.

Zuhura alizaliwa Mahurunga, kwa wakulima wa mikorosho na mihogo. Bibi yake alikuwa na kopo la biskuti la Kizungu alilowekea tumbaku, na kifuniko chake kilikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu pale nyumbani aliyejua maana yake. Zuhura hakujali maana. Alizifuatisha zile herufi kwa kidole, kisha kwa kijiti mchangani, kisha, alipofika darasa la tano, kwa mkaa na udongo mwekundu kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yao. Baba yake alikuja juu. Alipokwisha kufoka akarudi nyuma hatua tatu, akatazama, akasema basi amalizie na upande wa pili wa mlango, nyumba isije ikaonekana ina chongo. Kufikia miaka kumi na tisa, Zuhura alikuwa ameshaandika majina ya watu kwenye kuta za nusu ya kijiji, na hakuna aliyeona kuwa hiyo ni kazi. Ilikuwa michezo ya Zuhura.

Mwaka 1991, msimu wa korosho, Hassani akafika Mahurunga kuandika kibao cha zahanati. Alikuwa kijana wa mjini, mwembamba, mwenye mkono uliotulia sana na herufi mbaya sana. Nalisema hili bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alikuwa analisema. Aliweza kuvuta mstari wa brashi urefu wa mlango bila kutetemeka hata chembe, lakini ukimwachia abuni umbo, A yake ilisimama kama kigoda kilichovunjika mguu. Alipopita mbele ya nyumba ya kina Zuhura, akaganda. Baba mtu alikuwa amekaa barazani anasuka kamba.

"Shikamoo mzee. Samahani, fundi aliyeandika hapa anakaa wapi?"

"Marahaba. Fundi yuko shambani anaokota korosho. Ukitaka kumwona, subiri jua lipungue."

Hassani akasubiri. Alitegemea mwanamume wa makamo mwenye miwani. Akaja msichana ana kapu kichwani na miguu imejaa vumbi, na mzee akasema fundi huyo amefika. Kibao cha zahanati kilikuwa kazi ya siku mbili. Kilichukua siku tisa, na kila jioni Hassani alikuwa barazani kwa mzee anauliza jambo jipya kuhusu mkia wa herufi R. Mzee hakuwa mtoto mdogo. Mwezi wa Rajabu uliofuata wakafunga ndoa.

Mjini walipanga vyumba viwili Magomeni, na humo ndimo walimobuni namna yao ya kufanya kazi. Zuhura asingeweza kupanda ngazi barabarani. Nani angemwelewa, mke wa mtu ananing'inia juu ya duka la watu? Basi akachora nyumbani. Alifungua mifuko ya saruji, akatoa karatasi za ndani zilizo safi, akaziunga kwa uji wa muhogo na kuzitandika sakafuni chumba kizima. Akachora herufi kwa ukubwa wake uleule zitakaokuwa nao ukutani, kisha akashika sindano ya kushonea na kutoboa juu ya kila mstari, tundu baada ya tundu, mpaka magoti yakaota sugu. Hassani aliikunja karatasi, akaenda nayo dukani, akaibandika ukutani na kuipigapiga kwa soksi kuukuu iliyojaa unga wa mkaa. Akiibandua, ukuta umebaki na nukta nyeusi maelfu, na katikati ya zile nukta herufi zimelala zinangoja rangi.

Watu waliiona ile karatasi. Walidhani anachora mwenyewe. Mwanzoni Hassani alitaka kusema ukweli, na Zuhura ndiye aliyemkataza. "Wakijua ni mwanamke," alisema, "kila mtu ataanza kunifundisha kazi." Baadaye miaka ikapita, na jambo lisiposemwa mwaka wa kwanza, mwaka wa sita utalianzia wapi? Likakaa hivyohivyo. Zuhura hakulalamika. Lakini mtu aliposimama barazani kwao akasema Hassani ana mkono wa ajabu, Zuhura aliinuka akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Walipendana, hilo nisilifiche. Mungu hakuwajalia mtoto, na shangazi za Hassani walipoanza kunong'ona habari za mke wa pili, Hassani aliwaambia waziwazi kwamba wakiendelea watakosa mahali pa kunywea chai wakija mjini. Wakanyamaza. Na kila kazi ilipokwisha, alimpeleka Zuhura kuiona. Walisimama ng'ambo ya barabara kama wapita njia, mke amejitanda kanga, mume amefumbata mikono nyuma anasubiri hukumu. Zuhura alitazama herufi moja moja. Kila mara zilikuwa sawasawa na alivyozichora sakafuni, hakuna iliyopungua wala iliyozidi. "Umezifuata vizuri," alisema. Hassani akatabasamu, wakanunua karanga, wakarudi nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1999 ikaja kazi ya Mathayo. Huyu alikuwa karani bandarini, mtu wa Mbeya, mtaratibu, miwani kifuani kwa kamba, mtu asiyeweza kuona fomu ina nafasi tupu akalala usingizi. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, akajenga mkahawa Rahaleo pamoja na mkewe Joyce, mwalimu wa shule ya msingi, wakaupa jina la binti yao aliyekuwa anasoma bweni Masasi. MKAHAWA WA GLADNESS. Mathayo alitaka maandishi yakae juu kabisa, kwenye ukuta uliopanda juu ya paa, ili mtu anayetoka sokoni ayaone. Haikuwahi kutokea kazi ya juu kiasi kile wala ndefu kiasi kile. Zuhura alitoboa karatasi siku sita.

Siku ya tatu ya kupaka rangi, Hassani alikuwa amefika herufi ya A ya katikati ya jina, GLA, akaona jua limeshuka, akakunja karatasi akarudi nyumbani. Sasa siku ile mchana alikuwa amepita afisa mmoja, akaegemea mlango wa Zuhura na kumsifia mumewe nusu saa nzima, eti kipaji kama kile angezaliwa kwingine angekuwa mtu mkubwa, na wewe mama una bahati, mpikie vizuri. Zuhura alikuwa bado anayo maneno yale kifuani. Hassani akaingia, akajitupa kwenye mkeka, akashika bega.

"Leo nimeandika mpaka nimekwisha," alisema. "Hata miguu siisikii."

Neno lile nimeandika likamchoma Zuhura kama mwiba.

"Umeandika nini wewe, Hassani? Wewe unapita juu ya nukta zangu tu. Hata mtoto ukimshikisha brashi atazifuata."

Hassani alimtazama mkewe kidogo, kama mtu mwenye jambo la kusema kisha akaona halina haja. Akachukua brashi zake akaenda uani kuziosha kwa mafuta ya taa. "Haya, mwalimu," alisema akiwa huko huko. Wala hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Asubuhi akaamka na homa. Wakadhani ni uchovu. Siku ya pili akaanza kuweweseka, wakamkimbiza hospitali, na siku ya nne, Alhamisi, baada ya Alasiri, Hassani akafariki. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Katika siku zile zote Zuhura hakupata hata dakika moja ambayo mumewe alikuwa na fahamu zake timamu, akamwomba radhi kwa maneno ya usiku ule.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, hakuna kutoka ila kwa dharura. Mama yake mzazi akaja kutoka Mahurunga kukaa naye. Watu walikuja, wakasoma dua, wakatoa pole, wakamsifu marehemu, na Zuhura aliitikia kila pole kwa adabu huku macho makavu. Majirani walianza kusemezana kwamba binti wa watu amepigwa na butwaa. Haikuwa butwaa. Alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe inasema hata mtoto, hata mtoto, kila alipofumba macho, na aliona hana haki ya kumlilia mtu aliyemuaga kwa maneno yale.

Wiki ya tatu akaja Joyce, mke wa Mathayo. Alikuwa ameshakuja msibani, sasa amekuja peke yake, ana kikapu cha mchele na sukari, na uso wa mtu aliyetumwa kitu anachoona haya kukisema. Akakaa mkekani. Akauliza habari za usingizi, habari za chakula. Mwisho akashindwa kuficha.

"Mwanangu, Baba Gladness asingethubutu kuuliza. Ila Salumu amekuja. Anasema atamalizia zile herufi tano kwa asubuhi moja. Tulitaka tufungue Pasaka. Nikasema nije kwako kwanza, usije ukasikia mitaani."

"Msimruhusu," Zuhura alisema. "Nakuomba, mwalimu. Asiziguse. Nitazimalizia mimi."

Joyce alidhani ni uchungu unaozungumza. Akamshika mkono. "Utazimaliziaje, mdogo wangu?" akamuuliza, mwana na mdogo vyote vimemchanganyikia kwa huruma.

Zuhura akamwomba mama yake atoe karatasi iliyo uvunguni. Wakaikunjua, ikafika mlangoni na bado haijaisha. Joyce akapitisha kiganja juu ya yale matundu. Alikuwa mwalimu, anajua mwandiko wa mtu unavyokaa. Akaangalia karatasi, akaangalia sugu za vidole vya yule mjane, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Hii ni kazi yako?"

"Yangu. Zote zangu, tangu tisini na mbili." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa mtu, na halikumpa raha aliyodhani lingempa. Ndipo akamwambia Joyce na lile lingine, maneno aliyomwambia Hassani, neno kwa neno, hakujipunguzia. "Hakupata nafasi ya kunijibu. Nataka nizimalizie ziwe sawa na zake, mtu akisimama chini asijue yeye kaishia wapi na mimi nimeanzia wapi. Sina njia nyingine iliyobaki ya kumwomba radhi."

Joyce alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Mathayo akavaa miwani, akaitoa kalenda ya bandari msumarini.

"Miezi minne na siku kumi," alisema. "Nne naielewa. Hizo kumi ni za nini?"

"Ni za Mungu. Usihesabu, wewe subiri."

Mathayo alihesabu. Alipiga duara mwisho wa mwezi wa sita, akaguna, akairudisha kalenda ukutani. Salumu alipokuja asubuhi na ngazi yake begani, akaambiwa ahsante, fundi yupo, ana udhuru. Salumu akauliza fundi gani, Mathayo akajibu kwamba atamwona.

Basi mkahawa ukafunguliwa Pasaka ukiitwa MKAHAWA WA GLA. Mtwara nzima ikapata la kusema. Wafanyakazi wa bandari waliagana mchana, twende kwa Gla. Makuli walimuuliza Mathayo kama rangi iliuzwa kwa vipimo. Gladness mwenyewe alipokuja likizo, akaona jina lake limekatwa nusu kwenye paa la nyumba, akagoma kupita mlango wa mbele wiki nzima. Na habari ikavuja, maana habari haikai, kwamba anayengojwa ni mjane wa Hassani, atapanda ngazi mwenyewe. Hapo ndipo kejeli ziliposhika moto. Wengine walimwambia Mathayo waziwazi amerogwa. Mathayo alifuta meza, akasema ameahidi, akauliza kama mtu anaongezewa chai. Mvua za masika zikapiga zile nukta za mkaa zote zikatoka, ukuta ukabaki mtupu kuanzia baada ya A, na yule mzee aliyekuwa halali kwa fomu yenye nafasi tupu akalala chini ya ukuta ule miezi mitatu bila kumtuma mtu hata mara moja kwenda kumharakisha Zuhura. Kwa hilo peke yake, mimi ningemsalimia kwa mikono miwili.

Eda ikaisha. Zuhura akaoga, akabadili nguo, na siku ya tatu, asubuhi, akaja Rahaleo na karatasi begani na brashi za marehemu kwenye kopo. Ndani ya gauni lake refu alivaa suruali ya Hassani, ameikunja miguuni. Watu walikuwa wameshajaa. Salumu naye alikuwepo, amekunja mikono kifuani.

"Shikamoo Baba Gladness," Zuhura alisema. "Nimewachelewesha sana."

"Marahaba, mwanangu. Hukuchelewa. Siku ndiyo yenyewe." Mathayo akaweka miwani mfukoni, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

Zuhura hakuwahi kupanda ngazi ndefu kiasi kile. Alijikaza, hakutazama chini mpaka akafika kwenye ubao wa kusimamia. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka saba, akawa uso kwa uso na herufi zake. Akafungua karatasi ili aipachike juu ya zile ambazo Hassani alishazipaka, apate pa kuanzia. Miguu ya herufi ikakubaliana na matundu barabara. Vichwa havikukubaliana. G ya Hassani ilikuwa imepanda juu ya matundu kwa upana wa vidole vinne. Akadhani karatasi imeteleza, akaipachika upya. Vidole vinne. L vidole vinne. Akasogea nyuma ubaoni mpaka kwenye M ya mwanzo kabisa. Vidole vinne. Na ile mistari myembamba aliyoichora kama uzi, Hassani alikuwa ameipaka mara mbili ya unene wake.

Moyo ukamshuka, halafu ukapanda kwa hasira. Kumbe hakuwa anafuata. Miaka yote anamwambia umezifuata vizuri, na mwenzake huku juu anajipakia anavyotaka. Angalau mtoto angefuata, alifikiri, na papo hapo akajiona mtu mbaya, maana ndilo neno lilelile limemrudia, na safari hii mtu mwenyewe yuko kaburini. Akajiambia ni mazoea tu ya mkono; kutoka chini zile herufi hazikuwahi kuonekana zimezidi, basi na zake hazitaonekana zimepungua. Akapiga mkaa, akabandua, akaanza kupaka kwa kufuata nukta, kwa uangalifu wa mtu anayeshona kidonda. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa anamaliza kivuli cha S ya mwisho.

Chini wakapiga makofi. Akashuka, akavuka barabara kama alivyozoea, akasimama pale walipokuwa wakisimama wote wawili, akageuka kutazama.

MKAHAWA WA GLA lilikuwa limesimama wima, sawasawa kabisa na alivyolichora sakafuni. Pembeni yake DNESS lilikuwa limechuchumaa. Herufi tano fupi, zimebonyea, mistari yao myembamba imepotea hewani kama haikupakwa. Hata mtu asiyejua kusoma angeona jina lile ni la watu wawili, mmoja anajua kazi na mwingine hajui. Makofi yalikuwa yameshakwisha.

"Ukuta wa juu hula urefu," Salumu alisema taratibu, na hakuwa anakejeli. "Kinachochorwa chini hakikai hivyohivyo juu, Bi Zuhura. Lazima ukivute. Kiasi gani, ndiyo shida, kila ukuta na lake. Sisi wengine tunakisia."

Mathayo alikuwa amevuka barabara, amesimama karibu naye, anajikuna shingo.

"Yeye hakuwa anakisia," Mathayo alisema. "Nilikuwa nakaa pale mlangoni namtazama, nikafikiri labda mtu huyu si mzima. Herufi moja anashuka mara nne, mara tano. Anapaka kidogo, anashuka, anavuka barabara, anasimama hapahapa uliposimama, anaangalia, anarudi anapanda, anaongeza. Jua lote lile. Nikamwambia fundi, unajitesa bure, mimi nimeshazipenda. Akaniambia hapana, mwenye herufi atakuja kuziangalia kutoka pale, na lazima azikute kama alivyoziacha. Nilidhani ananisema mimi. Maana mwenye mkahawa ni mimi."

Zuhura akakaa chini, palepale kando ya mtaro, suruali ya mumewe inaonekana na yeye hana habari, akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani, wala hospitali, wala siku hata moja ya zile siku mia na ushei. Joyce akaja akakaa naye mavumbini, akamfunika kwa kanga yake, hakumwambia nyamaza. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, na waliobaki walitazama pembeni. "Alikuwa anachoka kweli," Zuhura alisema ndani ya ile kanga. "Mama Gladness, alikuwa anachoka kweli, na mimi nilimwambia vile, na hakuniambia."

"Hakutaka ujue kwamba kuna kilichopungua kwako," Joyce alisema. "Alikupenda huyo. Lia."

Alipokwisha kulia akanawa uso kwa maji ya mkahawa. Akaomba mafuta ya taa na kitambaa. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akapanda ngazi, akafuta D, akafuta N, akafuta zote tano alizozipigia magoti sakafuni, mpaka ukuta ukabaki na madoa tu. Mathayo chini alikuwa anaishikilia ngazi na kuiangalia karatasi iliyoanguka karibu na miguu yake.

"Mwanangu, karatasi umeiacha huku. Nikupe?"

"Iache, Baba Gladness," Zuhura alisema kutoka juu. "Leo namfuata yeye."

Akapaka mguu wa D, na kichwa chake akakipandisha vidole vinne. Akaweka brashi mdomoni, akashuka ngazi hatua kwa hatua, gauni amelikusanya mkononi. Akavuka barabara, akasimama, akatazama kwa muda. Urefu ulifika, unene wa mistari bado. Akavuka tena kurudi, na Salumu akamshikia kopo la rangi alipokuwa anapanda.